Siku Tisa Bila Shikamoo

Hili limenitokea mimi, kwa macho yangu haya mawili. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, wala sikuwa nimekula kitu cha ajabu zaidi ya mihogo ya Mama Zuhura. Ukitaka ushahidi njoo Magomeni, Magomeni ya Bagamoyo, siyo ile ya Dar, uulize nyumba yenye ua wa zege uliovunjwa nusu. Aliyeuvunja ni mimi. Nyundo ninayo mpaka leo. Ukishaliona zege ndiyo urudi uniite muongo, na hapo tutajuana.

Halafu wengi wakisimulia mambo haya wanaanza na usiku, giza, mbwa analia. Mimi langu lilikuwa saa sita na nusu mchana. Watu wa kwetu wanaelewa. Ulipokuwa mdogo bibi yako hakukuita ndani jua likisimama utosini? Hakukwambia huo ni wakati wa wenyewe, majini, kupita? Mimi nilijua wanatutisha tu ili walale kidogo. Kumbe bibi zetu walikuwa wanasema kweli, sisi ndio tulikuwa wajinga.

Mimi ni fundi friji. Ndiyo, msichana, na ndiyo, fundi friji. Ukiniuliza nimesomea wapi nitakwambia nimesomea ndani ya friji: nilifungua, nikatazama, nikarudishia, nikirudishia zikabaki skrubu mbili nafungua tena. Mafundi wa kiume mtaani walinicheka mpaka wakakaa chini. Aliyenipa friji lake la kwanza nilifungue ni Bi Ruzuna. Akanipa na baraza ya nyumba yake nifanyie kazi, na kila mchana ananitolea sahani kama mwanawe. Bi Ruzuna ni mjane, wa wale Waarabu wa siku nyingi hapa mjini, waliokuwa na duka la vitambaa. Kwa hiyo ukimsema vibaya Bi Ruzuna mbele yangu, ujue unatafuta bisibisi ya pua.

Sasa huyu Bi Ruzuna ana kobe. Kobe wa nchi kavu, mkubwa kama sufuria la pilau, gamba la kahawia lenye miraba ya njano, na upande wa kushoto ana doa la bluu. Doa hilo nilimmwagia mimi nikipaka rangi friji la muuza soda. Anaitwa Mwinyi. Bi Ruzuna alipoletwa kwenye nyumba ile bi harusi, Mwinyi alikuwepo tayari, anatembea uani kama mwenye nyumba. Na kila asubuhi, kabla hata ya chai, Bi Ruzuna anainama anamwambia, "Shikamoo Mwinyi." Ananyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza jibu. Halafu ndiyo anaendelea na mambo yake.

Mwezi wa pili, Bi Ruzuna akaenda Dar kutolewa mtoto wa jicho. Kwa miaka alikuwa anatuona kama watu walio nyuma ya pazia. Siku ya kuondoka akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, Mwinyi nakuachia wewe. Majani, maji, kivuli, na shikamoo."

"Shikamoo nani?"

"Yeye. Kanizidi umri mimi, sembuse wewe."

Nikaitikia ndiyo. Lakini moyoni nikasema haiwezekani. Mimi nimwamkie mnyama anayetembea na paa lake? Majani nitampa, maji nitampa, kwa ajili ya Bi Ruzuna nitamfukuzia hata simba. Shikamoo hapana. Kila asubuhi namwekea matembele, namwambia, "Haya, kula." Ananitazama. Namtazama. Tunanuniana.

Wewe unaujua mwezi wa pili wa huku? Upepo unakufa, mtu umekaa tu unatoka jasho kwenye nyusi. Sasa uongeze na zege. Mwaka wa nyuma mtoto wa Bi Ruzuna aliyeko Maskati alituma mafundi wakamwaga zege ua mzima, ati mama apendezwe. Jua likipiga lile zege mchana, unaweza kukaangia yai. Kilibaki kipande kimoja tu cha udongo, kwenye kona nyuma ya tangi la maji, ambapo bomba linadondoka tone tone na kivuli hakiondoki. Mwinyi alikuwa anajichimbia hapo kila siku tangu saa nne mpaka alasiri.

Na mimi, Mungu anisamehe, Bi Ruzuna alipoondoka tu, kazi zilijaa barazani, nikachukua majokofu yangu matatu mabovu nikayapanga wapi? Kwenye kona ile ile.

Sikufikiria. Nilipomwona Mwinyi anazunguka zunguka kwenye zege nilidhani anafanya mazoezi.

Siku ya saba nikaona anahema kwa mdomo. Nikasema, ah, joto hilo, na mimi si ndiye bingwa wa baridi? Nikatoa barazani friza jingine bovu la kulala, nikang'oa mfuniko, nikamtumbukiza humo na chupa mbili za barafu. Nikajisifu. Nikampigia picha kabisa. Kwa kuwa matembele yaliisha nikampa na wali. Nikaenda mjini kununua gesi.

Nilirudi saa saba. Barafu imeisha, jua limeingia mle ndani, bati lile linawaka, na Mwinyi ametoa povu mdomoni linateremka mpaka shingoni. Nikapiga kelele. Mama Zuhura, yule wa mihogo, jirani yetu, akaja mbio na mwiko mkononi.

"Mtie kwenye ndoo ya maji! Kobe si ndugu yake kasa?"

Nikamtia kwenye ndoo ya maji ya barafu. Akazama. Sikutanii, alizama kama jiwe la kusagia. Kobe na kasa ni ndugu kweli, lakini na mimi nina kaka yangu mvuvi na bado sijui kuogelea. Nikamvuta nje, nikamfuta kwa kanga yangu. Akaingiza kichwa, akaingiza miguu, akafunga duka. Siku nzima hajatoka, na kesho yake hajala. Nilimrudisha kwenye friza, nikalisogeza penye kivuli cha ukuta, nikamwambia, "Mwinyi, tafadhali." Lakini shikamoo sikusema. Ubishi wangu nimezaliwa nao.

Siku ya tisa asubuhi simu ikaita. Bi Ruzuna huyo, sauti inachezacheza kwa furaha.

"Mwanangu, jicho limefunguliwa! Naona mpaka vumbi! Naja leo hii, alasiri nitakuwa hapo. Nimewaambia wa kwanza nitakayemtazama nyumbani ni Mwinyi. Hajambo?"

"Hajambo, Bibi," nikasema.

"Daktari kasema nisilie tu. Chozi likitoka sasa hivi jicho litaharibika. Lakini mie nilie nini? Nina furaha."

Umesikia? Asilie. Mumewe alikufa, mtoto yuko Maskati, aliyebaki naye tangu ujana ni kobe mmoja, na kobe mwenyewe nimemchemsha mimi. Nikakata simu nikakimbilia kwenye friza.

Friza tupu.

Lile friza linanifika kifuani. Halina ngazi. Chini kumebaki kipande cha matembele na chupa. Nikatafuta chini ya ngazi, chini ya kitanda cha kamba, ndani ya majokofu, mpaka ndani ya birika, kama mwendawazimu. Mama Zuhura akachungulia ukutani akasema, "Labda kaenda kumpokea." Nikamwambia akachunge mihogo yake isiungue.

Saa ikafika sita na nusu. Mtaa kimya. Hata kuku wamelala. Ndipo nilipogeuka nikamwona mzee kasimama mlangoni pa ua.

Hodi sikusikia. Mzee mrefu wa shingo, kichwa hakina hata unywele mmoja, ngozi imekunjamana kama mfuko wa karatasi. Na kavaa koti. Mwezi wa pili! Koti zito la kahawia la miraba, limemfika magotini. Amesimama ananitazama.

Mtu mwenye adabu angefanya nini? Angeamkia. Mimi nikasema, "We mzee, unatafuta nani?"

Akanyoosha shingo kunitazama vizuri.

"Nasema unatafuta nani?"

"Nasubiri," akasema. Sauti yake ya polepole, nzito, inakwaruza.

"Unasubiri nini?"

"Kitu kidogo tu. Kikitaka kitatoka kinywani mwako."

Mtu akiniletea mafumbo juani napanda mori. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimepotelewa na kobe wa watu, mwenyewe yuko njiani, sina muda wa vitendawili."

"Kobe hapotei, mwanangu," akasema. "Kobe anahama."

Akaingia. Unyayo ukigusa zege anauinua, anautua, anauinua, lakini polepole hivyo hivyo, kama anafikiria kila hatua. "Sakafu hii nani kaimwaga?"

"Mtoto wa Bi Ruzuna. Yuko Maskati."

"Aje aitembelee peku." Akanyoosha mkono kwenye kona ya tangi. "Na haya maiti ya nani?"

"Siyo maiti, ni majokofu!"

"Yanapumua?"

"Hayapumui, ni mabovu."

"Basi yatoe. Pale pana udongo. Nataka kukaa."

Wallahi nilitaka kumfukuza. Lakini Bi Ruzuna ana sheria moja kwenye nyumba yake: mtu mzima hasimami juani mlangoni pake, hata awe mgeni, hata awe kichaa. Nikasema moyoni, Bibi, hili nakufanyia wewe. Nikavuta majokofu matatu peke yangu, jasho linaniingia machoni, mzee kasimama ananihesabia, "La kwanza. La pili. Taratibu, unavunja bomba."

Akaenda akachimba udongo mbichi kwa mikono yake, akajikalisha, akashusha pumzi ndefu. Pikipiki ikapita nje inapiga honi, na yule mzee akaingiza kichwa chote ndani ya kola ya koti! Ikabaki upara tu. Ikapita, akakitoa tena. Nikasema wazee wana mambo.

"Vua basi koti, mzee, utakufa kwa joto."

"Hili halivuliki."

"Zipu imekwama?"

"Tangu nizaliwe."

Hapo, nakubali, nikaanza kuwa na wasiwasi. Sote tunajua la kufanya. Nikatazama miguu, kama ina kwato. Haina. Ila minene kama nguzo, ina magamba, kucha ndefu. Nikajisemea, masikini, matende. Nikatazama kivuli chake. Hana kivuli! Nikatazama changu. Na mimi sina. Jua liko utosini, nani atakuwa na kivuli saa sita na nusu? Nikajiona mjinga, nikaenda kumletea maji.

"Ya barafu tena?" akasema, akiyasukuma. "Unataka moyo usimame? Lete ya mtungini. Na siyo kwenye ndoo, lete kwenye sinia. Yasinizidi kidevu. Si kila mtu alizaliwa kasa."

Hilo neno "tena" lilinipita kama upepo. Nilikuwa nimeshakasirika. Nikaleta sinia la maji ya mtungi, akaingiza miguu humo humo, akainamisha kichwa akanywa. Akanywa. Akanywa. Sijawahi kuona mtu anakunywa maji anayoogea kwa heshima namna ile. Nikampa na sahani yangu ya wali.

"Wali wako siutaki. Tumbo limejaa gesi kama majokofu yako hayo." Akavuta fungu la matembele nililomnunulia Mwinyi asubuhi, akaanza kutafuna, jani moja moja.

"Hayo ya kobe!" nikapiga kelele.

"Nayajua ya nani."

"Mzee, wewe umekuja kwenye nyumba ya watu, umenibebesha majokofu, unaoga kwenye sinia la harusi la Bi Ruzuna, unakula chakula cha mnyama wake, hata jina hujataja!"

Akatafuna mpaka akamaliza. Akanitazama kwa macho madogo meusi, nikaona hasira humo, na uchovu, na kitu kama aibu ya mtu aliyedharauliwa mbele ya nyumba yake.

"Siku tisa," akasema. "Siku tisa nimelala na kuamka kwenye nyumba hii, na hakuna kinywa kilichoniambia shikamoo. Tangu enzi za babu wa mumewe Ruzuna haijatokea. Siku tisa."

Unafikiri nilishtuka? Hasira zilinipofusha. Nikapiga mguu chini nikamjibu, "Hata kobe wa nyumba hii simwamkii, sembuse wewe!"

"Ndiyo maana yake," akasema taratibu.

Akainama kuosha mikono kwenye sinia, koti likamgeukia begani, upande wa kushoto. Nikaona doa. La bluu. Bluu ile ile ya friji la muuza soda, yenye mkia mdogo pale nilipojaribu kuifuta kwa kidole.

Nikakaa juu ya zege, na zege likaniunguza makalio, na sikuinuka. Nilimfikiria Bi Ruzuna na jicho lake jipya. Ubishi wangu wote wa miaka ishirini na mitatu nikaumeza kama kidonge kichungu.

"Shi... shi... shikamoo, Mwinyi."

Akafumba macho.

"Maraaahabaaa," akasema. Lile neno lilichukua muda mrefu kumtoka, niamini, kama mtu anayeshuka ngazi.

Simu yangu ikaita. Nikageuka sekunde moja tu kuitoa mfukoni. Bi Ruzuna anasema, "Mwanangu, tumeshapita Mapinga!" Niliporudisha macho kwenye kona hapakuwa na mzee. Kwenye shimo la udongo mbichi, nyuma ya tangi, mbele ya sinia, alikuwa Mwinyi. Shingo nje, miguu imelegea, povu hakuna, na jani la matembele limemning'inia mdomoni.

Bi Ruzuna alifika na miwani myeusi. Hakuniamini kwa maneno, alimwendea moja kwa moja. Akavua miwani, akainama, akatazama lile gamba mraba kwa mraba. "Shikamoo Mwinyi," akasema. "Kumbe umezeeka hivi." Halafu akaniona nimekaa pembeni. Akaniuliza, "Nani kakufundisha habari ya sinia?"

Nikamweleza yote. Friza, ndoo, wali, mzee. Nilitegemea anifukuze, au aniitie shehe. Alisikiliza tu, kisha akauliza kitu kimoja:

"Alikuwa na koti?"

"Alikuwa nalo."

"La miraba?"

"La miraba, Bibi."

Akabana midomo. "Nimemwambia asitoke nalo mwezi wa pili. Hasikii." Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tangi, mpaka mabega yakamtikisika, na mimi nikaona machozi yanajaa, nikamrukia na kanga, napiga kelele, "Usilie, Bibi! Daktari kasema usilie!"

"Silii, mjinga wewe," akasema. "Umemchomeka Mwinyi kwenye friji na unataka nisicheke?"

Jicho lilipona. Wiki ile ile nikachukua nyundo nikavunja zege nusu ua, nikapanda nyasi na miti ya mbono kando ya ukuta apate kivuli. Mtoto wake akapiga simu kutoka Maskati ananifokea. Nikamwambia, kaka, njoo utembee peku saa sita, halafu tuongee. Akakata.

Mpaka leo naamkia. Mafundi wananipita barazani wanasema, "Yule anaamkia kobe." Waache waseme. Asubuhi moja nilikuwa nagombana na mteja, nikapitiwa, shikamoo nikaisahau. Saa sita na nusu, mtaa kimya, nimeinamia kompresa, nikasikia mtu anakohoa kwenye kona ya tangi. Mara moja tu. Niliangusha spana nikakimbia kuomba radhi.

Kwa hiyo wewe unayefuga kobe na jua hili, nisikilize. Usimweke kwenye bati, usimweke kwenye zege, usimtie kwenye ndoo, na barafu kunywa wewe. Mpe udongo wa kujichimbia, kivuli kisichoondoka, na maji kwenye sinia yasiyozidi kidevu. Ukifanya yote hayo bila shikamoo, shauri yako. Na siku ukimwona mzee kavaa koti mwezi wa pili, amesimama mlangoni kwako na kivuli hana, usipoteze muda kutazama miguu. Wala usimuulize anatafuta nani.

Mwamkie kwanza. Halafu sogeza majokofu.